Chupa ya Saba

Bunia, tarehe 5, mwezi wa tisa 1966

Félicien mume wangu,

Karatasi ya kwanza umeshaisoma. Mama yako alinisikiliza nikimsomea, akairidhia, kisha akasema niongeze kwamba goti lake la kushoto limepona. Nikaongeza. Hii ya pili naiandika sokoni, juu ya gunia la maharagwe, na nitaiingiza katika bahasha bila yeye kuiona. Tuendelee hivi hivi: ukijibu, karatasi moja iwe ya kumsomea Mama, nyingine iwe yangu.

Umeniuliza kama nimepona. Natembea. Tangu wiki iliyopita nimerudi mezani kwangu, na vitunguu vya Kpandroma mwaka huu ni vikubwa mpaka wateja wanadhani nimeviongezea maji. Tatizo ni damu. Inakuja inapotaka, inaondoka inapochoka, mara nyingine wiki mbili nzima. Nimekwenda kwa Adèle, yule mkunga aliyekuwa nami mwezi wa sita. Daktari wake ndiye aliyenipa vidonge. Ni vidogo sana, kila chupa ina ishirini. Naanza siku ya tano ya damu, nameza kimoja kila siku baada ya chakula, nisiruke hata siku moja mpaka viishe. Napumzika siku chache, damu inakuja kwa utaratibu kama ya watu wengine, halafu naanza chupa mpya. Nitafanya hivyo miezi sita. Ni dawa ya damu tu, usihangaike.

Jirani zangu wa meza wanakusalimu, Mama Tina kulia na Mama Camille kushoto. Mimi katikati bado ni Kaswera.

Mkeo,
Kaswera


Mongbwalu, tarehe 18, mwezi wa tisa 1966

Kaswera wangu,

Mwambie Mama nimefurahi kwa goti la kushoto, na la kulia nalo naliulizia, lisije likaona wivu.

Mimi mzima. Depo ya vipuri hapa mgodini ni ile ile: kila fundi anakuja na haraka yake na kila fundi anasahau kuniwekea sahihi. Chumbani bado nalala na Assani, yule muganga wa dispensari anayetoka Kindu. Yeye anaswali, mimi nasali, na sufuria ya majani ya sombe ni moja. Nilimweleza habari ya vidonge vyako akauliza jina lake. Niandikie ukiweza, anapenda kujua kila kitu kinachoingia tumboni mwa watu.

Hapa wanasema amani imerudi. Labda. Kamion bado zinangojana tatu tatu kabla ya kupita msituni, na kwenye barieri askari wanataka sigara kwanza, karatasi baadaye. Kwa hiyo usishangae barua ikichelewa. Noeli nitakuja hata kwa miguu.

Kuna jambo moja linanila. Mwezi wa sita sikuwepo. Nilifika siku ya nne, mtoto mlishamzika, wewe umelala umegeukia ukuta. Ulipumzika, nikaona vibaya kukuuliza. Sasa ni miezi mitatu na bado sijakuuliza. Ukitaka kusema, sema. Usipotaka, niambie habari za vitunguu, nitazisoma vilevile.

Wako,
Félicien


Bunia, tarehe 20, mwezi wa kumi 1966

Mutoto yangu Kambale Félicien,

Hii barua katekista Sébastien njo anaiandika, mu nyumba yake. Kaswera hajue kama niko huku. Nilimwambia naenda kuangaria bei ya samaki ya makayabo.

Sikiya muzuri. Bibi yako iko anatapika asubuyi. Harufu ya makayabo haipende tena, inamufukuza mu jikoni. Matiti imejaa. Ile blouse ya mwaka jana inamubana ku mikono. Uso nayo imeanza kuwa mviringo. Mimi nilizaa mara tisa, hakuna mutu wa kunifundisha ile kitu. Nilimuuliza, akasema ni kinini ya damu, ile ya mu chupa, inamusumbua. Anaficha. Iko na haki ya kuficha, juu ya ile mimba tatu yenye ilitoka mbele. Na miye ningeficha.

Sasa weye usimwambie kama ni miye nilisema. Tuma tu blanketi ya muzuri. Na gunia ya vitunguu asiibebe tena, nilishaanza kuibeba miye, hata Mama Tina alinicheka mu soko.

Ule wa mwezi wa sita alizaliwa kimya. Hatumuhesabu. Huyu njo atakuwa Paluku, jina ya mwanaume wa kwanza. Nitamushika Paluku mbele Mungu hajaniita.

Mama yako,
Vahwere

Mimi Sébastien nimeandika kama alivyotamka, sikuongeza neno. Alilia kidogo alipotaja jina, lakini ilikuwa kwa furaha.


Mongbwalu, tarehe 30, mwezi wa kumi 1966

Kaswera, Kaswera, Kaswera,

Hakuna mtu aliyeniambia chochote. Ndege mmoja tu alipita, ndege mwenye magoti mawili, na sitamtaja.

Kwa nini ulinificha? Hapana, usijibu, najua kwa nini. Ulitaka kwanza tumbo lishike. Basi mimi nimeshindwa kukaa kimya kama wewe. Nilimwambia Assani, na kabla ya saa sita depo nzima ilijua. Wananiita Baba Paluku. Fundi mmoja aliyekuwa hanisalimu tangu mwaka jana kwa sababu ya spana, leo amekuja kunipa mkono. Assani peke yake aliuliza tena jina la vile vidonge, nikamwambia aache maswali, muganga akizoea wagonjwa hawezi tena kufurahi na wazima.

Blanketi inakuja na kamion hii hii, imefungwa kwa kamba nyekundu. Ni ya sufu. Huku kwetu usiku... wewe wajua baridi ya Bunia kunapokucha. Ifunike miguu yako kwanza, halafu tumbo.

Mpenzi wangu, nimekuwa mjinga kwa furaha. Nikiandika zaidi utanicheka.

Félicien


Bunia, tarehe 8, mwezi wa kumi na moja 1966

Félicien,

Blanketi imefika. Ni nzuri kuliko kitu chochote kilichomo humu ndani. Nimeikunja, iko juu ya magoti yangu, na karatasi iko juu yake.

Hakuna mimba.

Nimekaa muda mrefu nikitafuta namna ya kuliandika neno hilo taratibu, nimekosa. Mama ameona kweli: natapika, matiti yanauma, nguo zinanibana. Ni vidonge. Adèle alinieleza hivi: vinauambia mwili kwamba mimba tayari ipo, basi mwili unatulia, hautafuti nyingine. Ndiyo maana damu inakaa kwa utaratibu. Na ndiyo maana, mpaka nitakapoviacha, siwezi kubeba. Nilipokuandikia "dawa ya damu" sikusema uongo. Sikusema yote. Niliogopa utahesabu miezi sita na kuona mirefu.

Daktari anasema tumbo langu limechoka, lipumzike miezi sita, kisha tujaribu tena. Mama nimemwambia hakuna kitu, ni kinini tu. Aliniangalia sana. Halafu akaniuliza kinini zitaisha lini, nikamwambia mwezi wa pili. Sasa anahesabu. Bado anabeba gunia langu, anasema amelizoea.

Umesema nikitaka kusema, niseme. Mama alikuambia mtoto alizaliwa kimya, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyomwambia. Si kweli. Alipumua, Félicien. Saa moja, labda zaidi kidogo. Ilikuwa mchana, Mama alikuwa nje anachemsha maji. Mimi damu ilikuwa inakwenda, Adèle mkono mmoja alikuwa ananikandamiza tumbo, mkono mwingine alimmwagia mtoto maji ya ubatizo, akaniuliza jina. Nikasema Paluku. Kisha nikaacha kuona. Nilipoona tena, alikuwa amefunikwa. Nilimwomba Adèle asimwambie Mama kwamba alipumua, maana angeniuliza kwa nini sikumwita amshike. Sikuwa na pumzi ya kumwita mtu.

Nisamehe kwa watu wanaokuita Baba Paluku. Nisamehe na kwa mengine.

Kaswera


Bunia, tarehe 29, mwezi wa kumi na mbili 1966

Félicien,

Hukuja Noeli. Wenzako watatu walishuka kwenye kamion mbele ya soko, mmoja akaniletea chumvi yako na sabuni mbili. Nilifungua kifurushi cha chumvi chote nikitafuta karatasi. Hakukuwa na karatasi. Mama alivaa kitenge kipya tangu asubuhi, akakivua saa tisa, akakikunja vizuri.

Naandika jambo moja tu. Chupa niliyo nayo ni ya nne, na ni ya mwisho. Daktari amevuka kwenda Kampala, watu wanasema hapendi habari anazozisikia za barabara. Adèle naye amekwenda kwao Aveba. Sikuandikii ili unisaidie. Nakuandikia ili usije ukasema tena kwamba nilikuficha.

Kaswera


Mongbwalu, tarehe 10, mwezi wa kwanza 1967

Kaswera,

Nilikuandikia barua nne. Tatu nilizichoma. Ya nne ilikuwa mbaya kuliko zote, Assani aliichukua mezani akafungia karanga.

Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu. Kila asubuhi mtu ananisalimu, "Baba Paluku, mama yuko je?" na mimi najibu yuko vizuri. Ningekuja Noeli ningefika na uso ule. Ndiyo maana sikuja. Si sababu nzuri, lakini ndiyo iliyokuwepo. Kitenge cha Mama kimeniumiza kuliko maneno yako yote.

Siku ya kwanza ya mwaka Assani alinikalisha. Akaniuliza, "Weye unataka nini, mutoto ao bibi?" Nikamwambia vyote viwili. Akasema, "Ile kila mutu anaisema. Miye nauliza kama ni kimoja tu." Nikamwambia ale chakula chake kabla hakijapoa.

Sikumjibu yeye. Nakujibu wewe: ndani ya soksi iliyofungwa na barua hii kuna chupa. Assani anazipata kwa mtu wake anayevuka kwenda Arua. Dawa ni ile ile, ameilinganisha na jina lililo kwenye chupa tupu aliyoiomba kwako kupitia dereva wa kamion. Anasema ni ile ile, na usiruke siku. Hii ni ya tano. Ya sita itafuata.

Sehemu ya mtoto nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelainika. Ulikuwa peke yako na hilo miezi mitano, na mimi nilikuwa naandika habari za magoti. Niambie kitu kimoja. Alifanana na nani?

Félicien


Bunia, tarehe 9, mwezi wa pili 1967

Mume wangu,

Alifanana na Mama. Paji la uso lile lile, na mikunjo miwili hapa katikati, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Nilitaka kucheka. Nakuambia kweli, katikati ya yale yote, nilitaka kucheka.

Nimelia nilipoona soksi. Chupa ya tano imeisha vizuri, ya sita ilifika juzi. Sitapiki tena kama mwanzo. Mwili umezoea, au umechoka kubishana.

Adèle amenitumia neno kutoka Aveba. Anasema kwa mwanamke aliyepoteza damu kama mimi, sita huenda zisitoshe, niendelee kidogo. Kama si mzigo kwa Assani, omba nyingine. Mama nitamweleza mimi.

Pasaka uje. Usilete kitu, wewe tu uje.

Kaswera


Mongbwalu, tarehe 5, mwezi wa tatu 1967

Kaswera wangu,

Nimepata likizo ya siku nane. Ya saba nitaileta mwenyewe mkononi. Mwambie Mama achinje kuku, lakini si yule anayezungumza naye kila asubuhi, siwezi kula rafiki wa mama yangu.

Félicien


Bunia, tarehe 11, mwezi wa sita 1967

Félicien,

Jumatano iliyopita mwaka ulitimia. Nilikwenda kaburini na Mama. Nilimwambia tunapita njia ile kwa sababu ya matope. Alisimama nami, akang'oa majani mawili matatu, tukaendelea.

Chupa ya kumi imefika jana. Iko mbele yangu, sijaifungua. Kabla sijaianza lazima nikuambie kitu, na ukishakijua labda hutataka kutuma nyingine.

Adèle hakunitumia neno lolote. Tangu alipokwenda Aveba sijamsikia. Mimi ndiye niliyesema sita hazitoshi. Kwa daktari zilitosha. Kabla hajaondoka nilimwuliza, nikibeba tena nitapona? Aliendelea kuandika, kisha akasema, "Tutaona." Yeye ataona, Félicien. Mimi ndiye nitakayekuwa nimelala pale.

Wewe uliamini, ukatuma. Ya saba uliileta Pasaka, nikaikuta nyuma ya chumvi. Siku nane tulicheka, tulikula, tulimsindikiza Mama kanisani, na hakuna aliyeitaja ile chupa. Nilitaka kukuambia kila siku. Kwenye karatasi naweza, mbele ya uso wako sikuweza. Sasa nataka kukuambia hata hili: siku zile nane zilikuwa za kwanza ambazo sikukuogopa. Hukujua kwamba nilikuwa nakuogopa. Si wewe, ni kile kinachofuata. Miaka miwili kila ulipofika nilikuwa nafurahi na kutetemeka kwa pamoja, na wewe ulidhani ni haya. Pasaka nilifurahi tu. Sikujua kwamba watu wanaishi hivyo.

Sitaki kujaribu tena. Nimeliandika, linatisha, lakini ni kweli. Si mwaka huu, si mwakani. Nataka kubaki hai, na nataka kubaki nawe, na sijui kama kwetu mambo hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja.

Mama amezaa tisa, mwana wa kiume aliyebaki ni wewe. Kila mwezi ananiuliza kinini zitaisha lini, namjibu bado. Sasa ameanza kuzungumza na wanawake wa Butembo kuhusu binti mmoja anaitwa Honorine. Hafanyi kwa ubaya. Alinisifu mbele yao mimi nikisikia, akasema, "Kaswera njo atabakia bibi mukubwa, hakuna wa kumusukuma." Kisha akaja akabeba gunia langu.

Ukitaka kumwoa Honorine sitakuzuia. Nitalia, nitaunguza sombe kwa makusudi, lakini sitakuzuia. Usinidanganye tu kwa huruma. Niandikie kwenye karatasi ya pili kama kawaida, na niambie.

Kaswera


Mongbwalu, tarehe 25, mwezi wa sita 1967

Mama yangu mpenzi Vahwere,

Nakusalimu. Mimi mzima, kazi inaendelea, barabara wanasema imetulia wiki hii.

Leo bahasha ina karatasi moja tu, na ni yako. Namwomba Kaswera akusomee yote bila kuruka neno, hata mahali atakapotaka kuruka. Kaa kwenye kiti chako.

Unauliza kinini zitaisha lini. Mimi ndiye ninayezituma, basi mimi ndiye wa kuulizwa. Dawa ile inatengeneza damu, hilo ni kweli. Inazuia na mimba. Hilo hatukukuambia, tumekukosea, kwa sababu wewe ulikuwa unahesabu miezi na sisi tulikuwa tunakuangalia ukihesabu.

Daktari alisema miezi sita, kisha tujaribu. Mwisho wa mwezi wa pili Adèle mkunga alipita hapa Mongbwalu kumsalimu dada yake. Nilimtafuta, nikamwuliza kwa mdomo wangu. Aliniambia sita zinatosha, hajamwambia mtu vingine. Nilimshukuru. Jioni hiyo hiyo nilimwomba Assani chupa ya saba. Chupa sita zilikuwa za daktari, Mama. Ya saba, na zote zilizofuata, ni zangu.

Kwa hiyo usimwulize Kaswera tena. Niulize mimi, nami nakujibu: hatutajaribu tena.

Nilitaka mtoto. Sitakudanganya wewe uliyenizaa. Hapa mgodini kuna shule, na saa ya watoto kutoka mimi nazunguka njia ya nyuma, naogopa kukutana nao. Labda nitazunguka miaka mingi. Lakini mwaka jana nilifika siku ya nne nikamkuta mke wangu amelala, midomo haina rangi, na neno la kwanza aliloniambia ni nisamehe. Alikuwa karibu kufa, akaniomba msamaha kwamba hakunipa mtoto. Sitaki kuombwa tena msamaha ule.

Sasa habari ya jina. Kuna jambo hulijui, na Kaswera alikuficha kwa kukuonea huruma. Mtoto hakuzaliwa kimya. Alipumua saa moja. Wewe ulikuwa nje unachemsha maji, na Kaswera hakuwa na pumzi ya kukuita. Adèle alimbatiza, mama yake akampa jina lake. Alikuwa na paji la uso lako.

Mama, wewe ulimzaa Paluku, akaishi siku tisa. Mimi sikumwona. Nilipozaliwa ungeweza kunipa jina lake, nyumba ikaanza upya kama vile hakuna aliyepita. Hukufanya hivyo. Uliniita Kambale, wa pili, na tangu siku ile kila anayeniita anajua kuna aliyenitangulia. Siku tisa ulizihesabu. Saa moja nayo ihesabu. Paluku wetu alishakuja. Waambie hivyo wanawake wa Butembo, na Honorine wamtafutie bwana mwingine, asipotezewe wakati wake.

Mwezi wa nane nitakuja. Nimeomba kazi kwenye depo ya Bunia, wakinikubali nitabaki nanyi.

Yamebaki maneno machache. Miaka yote hii kila neno langu kwako limepita mdomoni mwa huyu anayekusomea, na ninapokuandikia, sauti ninayoisikia ni yake. Akinyamaza hapa, usimwambie aendelee. Mpe maji. Akishakunywa, atakusomea jina langu.

Mwanao,
Kambale Félicien